Baki la Mgawanyo: Namna ya Kulipata Bila Kugawanya

Katika kilasi za aljebra kuna somo moja linalochosha wanafunzi hata mbele ya kuwafundisha kitu: kugawanya polinomi kwa polinomi nyingine. Mwalimu anaandika ubaoni, mistari inashuka kama ngazi, alama za kutoa zinageuka kuwa za kuongeza, na wengi wanapotea katikati ya ngazi. Tena mara nyingi ulizo lenyewe halitaki mgawanyo mzima. Linataka baki tu. Hapa Mambasa tumeona vijana wenye akili nzuri wakijaza ukurasa kwa kutafuta namba moja ambayo ingepatikana kwa mstari mmoja. Kwa kijana anayejitayarisha kwa Mtihani wa Serikali, ule unaoitwa Examen d'État na unaofanywa katika nchi yetu tangu mwaka 1967, ukurasa ule ni dakika zilizopotea, na dakika zilizopotea zaweza kuwa diploma iliyopotea. Ndiyo sababu tunaandika maneno haya. Wakatekista nao wasifunge ukurasa kwa kuona herufi x: kanuni hii hii inalinda hesabu ya sadaka, na ni kwa mabaki kwamba Kanisa linajua siku ya Pasaka.

Neno moja juu ya lugha. Wengine husema « masalio ». Sisi neno hilo tunaliachia masalio ya watakatifu, na hapa tutasema « baki ».

Tuanze na mambo ya shamba. Mtu ana miche 47 ya kakao, anataka kuipanda kwa mistari ya miche 7. Atapata mistari 6, na miche 5 itabaki mkononi. Tunaandika:

47 = 7 × 6 + 5

Saba ni mgawanyi, sita ni fungu, tano ni baki. Angalieni kwamba sharti ni mbili, si moja. Ya kwanza, usawa uwe wa kweli. Ya pili, baki liwe dogo kuliko mgawanyi. Anayesema « mistari 5, imebaki miche 12 » hakusema uongo, lakini hakumaliza kugawanya. Sharti hii ya pili wanafunzi wanaisahau sana, na tutaona kwamba ndiyo ufunguo wa jambo lote.

(Mazoea ya kuhesabu kwa mafungu ni ya zamani sana katika pande zetu. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba udongo kule Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Eduard, akapata mfupa wenye alama zilizochorwa kwa mafungu. Umri wake wafikiriwa kuwa karibu miaka 20 000, nao unawekwa Bruxelles. Katika mstari mmoja alama ni 11, 21, 19 na 9: ndiyo kusema kumi na moja juu, ishirini na moja juu, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake, nasi hatutawapa wazee wale elimu wasiyojidai wenyewe. Lakini mfupa ni wa kwetu, na inafaa seminarista aujue.)

Sasa polinomi. Ni jumla ya namba zilizozidishwa na x, na x², na x³, na kuendelea. Waarabu wa kale waliiita x « shay », maana yake « kitu », na jina lile lilikuwa zuri: kitu ambacho hatujajua thamani yake. Daraja la polinomi ni kipeo kikubwa cha x kilichomo. Basi tukigawanya polinomi, sharti ya kwanza haibadiliki. Sharti ya pili inageuka kidogo: baki liwe na daraja la chini kuliko daraja la mgawanyi.

Tutwae P = x³ − 4x² + 5x + 7, tuigawanye kwa x − 3. Kwa njia ya ngazi tunafanya hivi. Katika x³, x inaingia mara x². Tunazidisha x² kwa x − 3, tunapata x³ − 3x². Tunatoa, inabaki −x² + 5x + 7. Katika −x², x inaingia mara −x. Tunazidisha, tunapata −x² + 3x; tunatoa, inabaki 2x + 7. Katika 2x, x inaingia mara 2. Tunazidisha, tunapata 2x − 6. Tunatoa, inabaki 13. Tunasimama hapo, kwa kuwa 13 haina x tena, daraja lake ni chini ya daraja la x − 3. Kwa hiyo:

x³ − 4x² + 5x + 7 = (x − 3)(x² − x + 2) + 13

Kazi ni safi, lakini hesabuni ni mara ngapi tulitoa namba hasi. Ni katika kutoa hasi kwamba makosa yanaingia kama mchwa.

Sasa tazameni upande wa kuume wa usawa ule. Kuna (x − 3) inayozidisha fungu, halafu kuna baki. Tukitia 3 mahali pa x, x − 3 inakuwa zero, na zero ikizidisha fungu, hata likiwa refu namna gani, inalifuta lote. Linabaki baki peke yake. Upande wa kushoto kuna P ambayo x yake imekuwa 3. Basi baki ni thamani ya P pale x ni 3. Tujaribu: 27 − 36 + 15 + 7 = 13. Ni namba ile ile, bila ngazi.

Hiyo ndiyo kanuni ya baki: ukigawanya polinomi P kwa x − a, baki ni P(a), ndiyo kusema P ukiwa umeweka a mahali pa x. Na kama P(a) ni zero, hakuna baki: x − a inagawanya P sawasawa. Hili la mwisho ni lenye faida kubwa, kwa kuwa ndilo linalotuwezesha kuvunja polinomi katika vipande na kutafuta mizizi yake.

Katika kilasi mwanafunzi mmoja alisimama na kupinga. « Padri, alisema, mulitufundisha kwamba kugawanya kwa zero ni mwiko. Sasa munatia 3 mahali pa x, mgawanyi x − 3 unakuwa zero, na munaendelea kama kwamba hakuna kitu. » Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana ulizo lile ni bora kuliko majibu mengi yaliyoandikwa siku ile. Wengi wanaotumia kanuni hawakupata kujiuliza neno lile.

Jibu ni hili. Tulipomaliza kugawanya, tuliandika usawa ambao hauna mgawanyo ndani yake. Una kuzidisha na kuongeza tu. Usawa ule ni wa kweli kwa kila namba utakayoweka mahali pa x: weka 1, pande zote mbili zinatoa 9; weka 0, zinatoa 7; weka 10, zinatoa 657. Hakuna namba inayokatazwa, wala 3 haikatazwi. Kama tungeandika P juu ya mstari na x − 3 chini yake, hapo mwanafunzi angekuwa na haki, na 3 ingefukuzwa. Ndiyo sababu tunawaomba walimu waandike mgawanyo daima kwa umbo la kuzidisha, mgawanyi mara fungu na baki juu yake. Umbo hili si pambo. Uthibitisho wote umesimama juu yake.

Tena mtu ataweza kuuliza: nani aliwaambia kwamba baki ni namba tupu, isiyo na x? Ni sharti ya pili. Mgawanyi x − a ana daraja 1. Baki linapaswa kuwa na daraja la chini. Chini ya 1 ni 0, na polinomi ya daraja 0 ni namba tupu. Kwa hiyo tukiweka a mahali pa x, baki haligeuki, halina x ya kugeuza.

Mitego ya alama tuipite upesi. Kama mgawanyi ni x + 2, andikeni kwanza x − (−2): namba ya kuweka ni −2, si 2. Kwa P yetu tunapata −8 − 16 − 10 + 7 = −27. Kama mgawanyi ni 2x − 1, tafuteni namba inayomfanya awe zero: ni nusu. Baki litakuwa P(1/2), yaani 69/8. Kwa maneno mafupi, msikariri « badilisha alama ». Jiulizeni daima, mgawanyi huyu anakufa kwa namba gani?

Ikiwa mnataka na fungu pia, kuna njia ambayo vitabu vya Kifaransa vinaiita jedwali la Horner, kwa jina la Mwingereza William George Horner, aliyetoa maandiko yake mwaka 1819. Mwitalia Paolo Ruffini alikuwa amekwisha kuionyesha miaka kadhaa mbele yake, na huko China Qin Jiushao alikuwa akifanya kazi ya namna ile mwaka 1247. Jina ni la mmoja, mali ni ya wengi. Andikeni namba zinazotangulia x kwa mfululizo: 1, −4, 5, 7. Shusheni ya kwanza: 1. Izidisheni kwa 3 na kuongeza inayofuata: 3 − 4 = −1. Tena: −3 + 5 = 2. Tena: 6 + 7 = 13. Namba ya mwisho ni baki. Zile za mbele, 1, −1, 2, ni za fungu x² − x + 2. Hakuna kutoa hata mara moja.

Lakini ole wake anayesahau nafasi tupu. Mgawanye 2x⁴ − 3x + 1 kwa x − 2. Hakuna x³, hakuna x². Anayeandika 2, −3, 1 atapata baki 3, na atafurahi bure. Andikeni 2, 0, 0, −3, 1. Mtapata 2, 4, 8, 13, na baki 27, ambalo ndilo la kweli: 32 − 6 + 1. Katika karne ya 12, al-Samaw'al wa Bagdad alikuwa akigawanya polinomi kwa kupanga namba zake katika jedwali, naye alikuwa akitia zero pale kipeo kilipokosekana. Miaka zaidi ya mia nane imepita, na zero ile ingali inaangusha watu katika mitihani.

Na mgawanyi akiwa wa daraja 2? Hapo baki laweza kuwa na x: umbo lake ni mx + n, na lazima kutafuta m na n. Tuseme wanataka baki la x¹⁰⁰ − 3x⁷ + 4 ikigawanywa kwa x² − 1. Kwa ngazi, karatasi itaisha. Lakini x² − 1 anakufa kwa 1 na kwa −1. Kwa 1: 1 − 3 + 4 = 2, basi m + n = 2. Kwa −1: 1 + 3 + 4 = 8, basi −m + n = 8. Tukijumlisha, 2n = 10, n = 5, na m = −3. Baki ni −3x + 5.

Kuna njia fupi zaidi. Kugawanya kwa x² − 1 ni sawa na kusema: kila mara ninapoona x², naandika 1. Kwa hiyo x¹⁰⁰ inakuwa 1, na x⁷, ambayo ni x⁶ mara x, inakuwa x. Inabaki 1 − 3x + 4, na jibu ni lile lile. Mgawanyi akiwa x² + 1, kila x² inakuwa −1: x¹⁰⁰ inakuwa 1, x⁷ inakuwa −x, na baki ni 3x + 5. Mwaka 1847 Mfaransa Augustin Cauchy alijenga juu ya mabaki ya x² + 1 elimu nzima ya namba zinazoitwa za kuwaziwa. Kwetu seminarini wanaoogopa namba zile wangeweza kuzifikia kwa mlango huu, ambao ni mpana zaidi.

Sasa, wandugu wakatekista, njooni karibu.

Namba tunazoandika kila siku ni polinomi. 5 738 ni nini? Ni elfu tano, mia saba, makumi matatu na nane: 5x³ + 7x² + 3x + 8, ambapo x ni kumi. Tuigawanye kwa 9. Lakini 9 ni x − 1! Basi, kwa kanuni yetu, tunaweka 1 mahali pa x: 5 + 7 + 3 + 8 = 23. Ishirini na tatu ni kubwa kuliko 9, sharti ya pili haijatimia, basi tunarudia: 2 + 3 = 5. Baki la 5 738 kwa 9 ni 5. Hapo mnatambua ile « preuve par neuf » ambayo wengi wenu mlifundishwa shuleni kama desturi isiyo na sababu. Sababu yake ndiyo hii.

Tuone kazi yake. Mwalimu wa kanisa dogo ameleta hesabu ya sadaka ya Dominika nne, kwa franka: 12 450, 8 300, 17 650 na 9 200. Jumla ni 47 600. Mabaki kwa tisa ni 3, 2, 1 na 2; pamoja 8. Baki la 47 600 ni 4 + 7 + 6 = 17, ndiyo 8. Yanapatana.

Lakini tisa ni mlinzi anayelala jicho moja. Tuseme mkono umeteleza, daftari likaandikwa 46 700. Jumla ya tarakimu ni ile ile, baki ni 8 vilevile, na mlinzi anaacha kosa lipite. Kugeuza nafasi ya tarakimu ndilo kosa la kawaida la mwandishi aliyechoka, na tisa hawezi kulikamata, kwa sababu ukiweka 1 mahali pa x, nafasi zote zinakuwa sawa.

Tumwite basi kumi na moja. Kumi na moja ni x + 1, anakufa kwa −1. Tunaanza kuume kwa tarakimu ya mwisho, tukiongeza moja na kutoa inayofuata. Kwa 47 600: 0 − 0 + 6 − 7 + 4 = 3. Kwa 46 700: 0 − 0 + 7 − 6 + 4 = 5. Sadaka nne zinatoa −2, −5, −5 na −7, ndiyo kusema, kwa kuongeza 11 kila mara, 9, 6, 6 na 4. Pamoja 25, tunatoa 22, inabaki 3. Basi 47 600 inapita, 46 700 inasimamishwa mlangoni. Tarakimu mbili jirani zikigeuzwa nafasi, kumi na moja anaona daima.

Hata tisa anayelala ana faida moja ambayo tungependa kila mtunza sanduku aijue. Kama daftari na sanduku havipatani, angalieni tofauti. Hapa 47 600 kutoa 46 700 ni 900, na 900 inagawanyika kwa 9 bila baki. Tofauti inayogawanyika kwa 9, mbele ya kumshuku mtu yeyote, tafuteni kwanza tarakimu zilizogeuzwa nafasi. Katika jumuiya zetu watu wameacha kuongea kwa sababu ya franka chache ambazo hazikuibiwa na mtu. Kama tofauti haigawanyiki kwa 9, kosa ni la namna nyingine, na mtahesabu upya.

Limebaki jambo la Pasaka. Mwaka 1582, Papa Gregorio XIII alipotengeneza kalenda, Myezuiti Christoph Clavius alikuwa mmoja wa wenye hesabu waliosaidia kazi ile na kuieleza. Msingi ni mzunguko wa miaka 19, uliojulikana tangu Meton wa Athena, mwaka 432 mbele ya Kristu: nyuma ya miaka 19, mwezi mpevu unarudi karibu tarehe zile zile. Kwa hiyo kinachohesabiwa si mwaka mzima, bali baki lake kwa 19. Mwaka 1800 Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliweka kazi yote katika mabaki matano. Kwa miaka 1900 mpaka 2099 ni hivi:

a ni baki la mwaka kwa 19; b ni baki lake kwa 4; c ni baki lake kwa 7; d ni baki la 19a + 24 kwa 30; e ni baki la 2b + 4c + 6d + 5 kwa 7. Pasaka ni tarehe 22 + d + e ya mwezi wa Marsi. Ikipita 31, toeni 31 na kusema Aprili.

Mwaka 2026: a = 12, b = 2, c = 3. Kisha 19 × 12 + 24 = 252, d = 12. Kisha 4 + 12 + 72 + 5 = 93, e = 2. Tarehe ni 22 + 12 + 2 = 36, ndiyo 5 Aprili. Katekista aliye mbali msituni, ambaye barabara ya Komanda imemfungia na kalenda ya liturjia haijamfikia, anaweza kujua kwa kipande cha chaki siku ya Majivu ya kuanzia Kwaresima: ahesabu siku 46 nyuma ya tarehe ile, atafika 18 Februari.

Jaribuni wenyewe kwa 2027. Mnapaswa kupata 28 Marsi. Angalizo moja: kanuni ikitoa 26 Aprili, andikeni 19 Aprili, kama ilivyokuwa mwaka 1981, na ikitoa 25 Aprili huku d ni 28, e ni 6, na a imepita 10, andikeni 18 Aprili, kama ilivyokuwa mwaka 1954 na itakavyokuwa 2049.